Wapangaji Wamegura

Veneranda alikuwa na sharti moja ambalo majirani zake wa Katubuka walilijua na kulicheka: hakai kati ya nyumba na nyumba. Mwambie leo afunge virago, atakuuliza kwanza ufunguo wa kule aendako uko wapi, na usipomwonyesha atarudi jikoni kuendelea na shughuli zake. Waliomcheka hawakuwa naye mwaka wa sabini na mbili, alipovuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, kambeba mdogo wake mgongoni, wakalala nje siku asizotaka kuzihesabu. Baadaye walipokelewa katika nyumba za watu, kwanza huku kisha kule, hadi baba yake alipopata kiwanja Kidahwe. Walipokelewa vizuri, hilo Veneranda hakulikana. Ila katika kila nyumba mwenyeji alianza, baada ya muda, kuuliza kwa upole wataondoka lini. Swali hilo likiulizwa hata kwa sauti ya asali, mtoto analisikia vilevile.

Alipokua aliolewa na Dismasi, Muha wa hapo hapo Kidahwe, mtu mpole wa maneno machache ambaye alikuwa mlinzi wa ghala mjini. Wakajenga Katubuka. Yeye Veneranda alikuwa anatengeneza sabuni ya mawese, na ukweli usemwe, vyumba vitatu kati ya vile vinne vilijengwa na sabuni. Mshahara wa Dismasi ulitosha chumba kimoja na mlango wake. Wakazaa, wakasomesha, mtoto wa kwanza Pastory akapata kazi Tabora, na ndiyo maana mtaani mama yake aliitwa Mama Pastory.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, vita Burundi, vita ng'ambo ya ziwa, watu wakamiminika kwa barabara na kwa mitumbwi. Kambi zikafunguliwa, mashirika yakaja, mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Wafanyakazi wa mashirika walitaka mahali pa kulala, na kila mwenye chumba Kigoma akagundua kumbe alikuwa tajiri. Katubuka ikapendeza ghafla. Nyumba za jirani zikapandishiwa kuta, zikatiwa mapazia, na wenye mapazia wakaanza kulalamika juu ya moshi wa Veneranda. Harufu ya mawese yanayochemka humfurahisha anayeyachemsha tu. Mara wakamtuma mwenyekiti wa mtaa, mara wakamtuma tena, na huyo mwenyekiti, aliyekuwa akifuliwa mashati kwa sabuni hiyo hiyo, alikuwa anakuja akiangalia chini.

"Tuuze," Veneranda alimwambia mumewe siku moja. "Tutafute Ujiji, karibu na soko, penye ua mpana. Lakini sikiliza, baba Pastory. Natoka kwenye mlango huu naingia kwenye mlango ule. Katikati sitaki kitu."

Dismasi alisema sawa. Ni neno alilolipenda kuliko yote.

Mnunuzi hakuchelewa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, anaitwa Sia, mzaliwa wa Rombo, aliyeletwa Kigoma na serikali akalalamika mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu akajikuta anawasema wageni wanaolalamika. Nyumba aliyopanga ilikuwa imetakiwa na shirika moja kwa kodi ambayo mwalimu hawezi hata kuiota, na mwenye nyumba akampa muda wa kuondoka. Basi Mwalimu Sia akaapa kwamba hatapanga tena maisha yake yote. Alikuja kukagua siku ya mvua kubwa, kwa makusudi, amevaa viatu vya mpira, akasimama katika kila chumba kichwa juu, kimya, kama mtu anayesali. Veneranda alimtazama akampenda papo hapo. Mtu anayekuja kuangalia nyumba kwenye jua ama hana haja nayo ama hana akili.

"Hapa panavuja, Mama Pastory," alisema Sia kwenye chumba cha nyuma.

"Panadondoka. Kuvuja ni kitu kingine."

"Nikilala hapa nitalowa au sitalowa?"

"Utalowa mguu mmoja."

"Basi nipunguzie bei ya mguu."

Wakacheka, lakini hakuna aliyelegeza. Sia alitaja bei yake. Veneranda akamtolea maji ya kunywa bila kuijibu. Veneranda akataja yake. Sia akafunga mwavuli kana kwamba anaaga, kisha akaufungua tena. Ilichukua ziara kadhaa. Dismasi alikuwa anakaa pembeni akisema sawa kwa kila bei iliyotajwa, ya huku na ya kule, hadi mkewe akamwomba akaangalie kuku.

Upande wa Ujiji mambo yalikuwa ya namna nyingine. Nyumba aliyoipata Veneranda ilikuwa ya Bi Mwanakheri, mjane wa karani wa bandari. Bi Mwanakheri alizaliwa Pangani, akaolewa, akaletwa Ujiji kwa treni akiwa mwari, na miaka yote aliyokaa pale Kiswahili chake hakikukubali kuchanganyika na cha mtu. Alikuwa na nyumba ndefu ya kizamani yenye baraza mbele na ua mpana nyuma, na vyumba viwili vya uani alivipangisha kwa madereva wawili wa shirika. Sasa alitaka kurudi kwao Pangani, kwa dadake, na alitamani mwezi wa Ramadhani umkute huko.

Veneranda hakukagua paa wala kuta. Alikuja na mzigo wa majani mabichi ya mgomba na kuni mbili, akaomba moto, akawasha katikati ya ua, akarudi nyuma kutazama moshi unakwenda wapi.

Bi Mwanakheri akatoka na ushungi wake, akasimama mlangoni. "Mwanangu, umekuja kununua nyumba au umekuja kunifukiza?"

"Natafuta upepo, bibi. Mimi napika sabuni. Moshi ukiingia kwa jirani, nitahamishwa tena."

Moshi ulipanda juu, ukasita kidogo, ukaelekea ziwani ambako hakuna mwenye mapazia. Veneranda akasikia raha mwili mzima. Alijaribu kuificha, maana mtu hapatani bei huku meno yakiwa nje, lakini Bi Mwanakheri alikuwa ameuza vitumbua maishani na aliijua sura ya mnunuzi aliyekwisha nunua. Bei yake haikushuka sana baada ya hapo.

Kilichobaki ni wapangaji. Veneranda alisema hawezi kuingia kwenye nyumba yenye watu, na vyumba vyao ndivyo alivyotaka viwe stoo ya sabuni. Bi Mwanakheri akasema atawapa notisi, na wakiondoka atamtumia salamu. Ila siku hiyo mmoja wa madereva, kijana mwenye miwani ya jua hata ndani, alisikika akisema kwamba wao wangeweza kuinunua hiyo nyumba wenyewe, wanalipwa kwa dola. Alisema kwa utani. Veneranda hakuusahau utani huo.

Wiki zikaenda, mvua za mwaka ule wa tisini na saba zikazidi, na Mwalimu Sia akaanza kuishiwa muda. Mwenye nyumba wake alikuwa amekwisha leta fundi wa kupima madirisha huku mwalimu bado yumo ndani. Mwishowe, Alhamisi moja, Veneranda aliona haya kumzungusha zaidi. Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti, Sia akakabidhi fedha, na wakakubaliana kwamba vitu vyake vitakuja Jumamosi. Veneranda akapiga dole gumba. Alikuwa ametoka kwenye mlango mmoja na ule wa pili bado haujafunguliwa, yeye, mwenye sharti. Alijipa moyo kwamba Bi Mwanakheri ni mtu wa dini na amekwisha pokea malipo ya kwanza.

Ijumaa mchana Dismasi alirudi kutoka Ujiji, alikokwenda kuchukua madebe ya mawese. Aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua madebe taratibu, akayapanga, akayapanga upya. Mkewe akajua kuna jambo.

"Sema."

"Nimepita kwa Bi Mwanakheri. Kaniita kutoka barazani." Akajifuta jasho. "Anasema wapangaji wamegura. Eti uende."

Sasa, kwa Kirundi alichonyonya Veneranda, na kwa Kiha cha mume wake, kugura ni kununua. Hakuna maana nyingine. Hata mtoto akitumwa dukani anatumwa kugura chumvi.

Veneranda alikaa chini pale alipokuwa, juu ya kinu. "Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa sauti ndogo. Kisha sauti ikakua. "Niende nikafanye nini? Nikawapongeze?"

"Labda anataka kukurudishia fedha."

"Fedha ina paa? Fedha nitailalia?"

Dismasi alifungua mdomo kusema sawa, akaona haifai, akaufunga.

Nitasema wazi kwamba alilia. Hakulia kwa ajili ya ua wala upepo. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, ana watoto watatu, ana cheti chenye mhuri kinachosema ni Mtanzania, na bado alijiona amesimama njiani na mdogo wake mgongoni. Alipomaliza akajifunga kitenge kingine juu ya kile cha kwanza, akaenda kwa Mwalimu Sia.

Sia alikuwa amekaa juu ya sanduku, vitabu vyote vimefungwa kamba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama Pastory, nikisema tuvunje, mimi nalala wapi? Kesho wanabadilisha kitasa hapa."

"Najua. Sikuja kuvunja. Nilipiga dole mwenyewe." Veneranda akakaza kitenge. "Nimekuja kukuambia tu, ili kesho usitukute bado tumo ukadhani ni ujeuri."

Sia akahesabu jambo kichwani. "Vyumba ni vinne. Mimi na mtoto wangu tunatosha viwili. Nyie chukueni viwili mpaka mpate pengine. Kile kinacholowesha mguu nitalala mimi."

Ulikuwa wema mkubwa na Veneranda aliutambua. Ulimchoma vilevile. Kukaribishwa ndani ya nyumba uliyoijenga, na kukaa ukisubiri mwenyeji aulize, hata kama ni huyu ambaye pengine hatauliza kamwe! Akashukuru kwa heshima zote, akaondoka. Na shukrani ilipokwisha kumtoka, kilichobaki ndani ni hasira, na hasira hiyo ilikuwa na anwani. Akapanda gari la Ujiji.

Bi Mwanakheri alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, kando yake masanduku mawili na furushi. Naye alikuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tangu asubuhi.

"Ndiyo kwanza unafika? Mimi nimekuletea salamu na mapema."

"Shikamoo," alisema Veneranda, maana hasira ni hasira na umri ni umri.

"Marahaba. Mbona uso umeukunja?"

"Nimesikia wapangaji wamegura."

"Wamegura, alhamdulillahi. Nilidhani watanisumbua, lakini wamegura bila neno."

Veneranda akasogea hatua moja. Alhamdulillahi! "Kwa bei gani, bibi? Niambie tu bei, nijue nimezidiwa na kiasi gani."

"Bei?" Bi Mwanakheri akamtazama kwa makini. "Kugura kuna bei gani, mwanangu? Gari lilikuwa la shirika lao. Bure."

"Umewapa bure?"

"Nimewapa nini? Nimewapa sufuria moja, ile yenye mpini uliolegea, nikawaambia ikawafae huko waendako."

"Nyumba bure, na sufuria juu yake!"

Hapo Bi Mwanakheri akajitoa kwenye mkeka, akasimama, akamshika Veneranda mkono kama anavyoshikwa mtu mwenye homa. Akampeleka ndani, akampitisha ukumbini, wakatokea uani. Milango ya vile vyumba viwili ilikuwa wazi. Ndani hamna kitanda wala ndoo wala miwani ya jua. Sakafu imefagiliwa na kumwagiwa maji.

"Wako wapi?" Veneranda aliuliza.

"Si nakwambia wamegura? Tangu juzi."

"Wamenunua, halafu wakaondoka?"

"Nani kanunua?"

Wakatazamana. Matone yalianguka kutoka kwenye bati.

"Bibi," alisema Veneranda polepole, "kugura ni nini?"

"Kugura ni kuhama. Mtu akiondoka mahali na vitu vyake, amegura. Kwani nyie mwasemaje?"

"Kwetu kugura ni kununua."

Bi Mwanakheri alichukua muda kuligeuza jambo lile. Kisha alianza kucheka, cheko la ndani la mtu mnene, akashika nguzo, ushungi ukamwanguka begani. Veneranda naye akacheka huku machozi yakimtoka upya, na hakujua ni yale ya mchana yaliyobaki au mengine. Kila mmoja alipojaribu kunyamaza, mwingine alisema "na sufuria juu yake," wakaanza tena.

"Basi wao wamegura kwa kwetu," Bi Mwanakheri alisema akijifuta macho, "na wewe umegura kwa kwenu. Shika." Akatoa funguo kwenye pindo la kanga.

Jumamosi Veneranda alitoka kwenye mlango mmoja akaingia kwenye mwingine, na njiani hakusimama hata kununua ndizi. Pale Katubuka Mwalimu Sia alimsaidia Dismasi mzigo wa mwisho, ila ndoo ya kukingia matone ya chumba cha nyuma aliichomoa mzigoni akaibakiza, akisema sasa ni yake. Dismasi alisema sawa.

Lakini jioni ile Bi Mwanakheri alirudi kutoka stesheni na masanduku yake yote mawili. Treni haiondoki. Mvua ilikuwa imeikata reli huko kati, na hakuna aliyejua itaunganishwa lini. Alisimama kwenye ngazi za baraza, mtu mzima, mjane, ameuza nyumba na hana pa kwenda, akaanza kusema habari za jamaa wa marehemu mumewe ambao labda watampa kona. Aliongea haraka, kama mtu anayejua kwamba anasema uongo.

Veneranda hakumwacha amalize. Alibeba sanduku moja, Dismasi la pili, wakayapeleka kwenye chumba kile kile alicholala miaka yote, ambacho hakikuwa kimeguswa. "Kitanda chako hukukiuza, bibi. Kipo."

Kwa hiyo alikaa. Mwezi wa Ramadhani ulimkuta Ujiji badala ya Pangani, na kila jioni alifuturu kwa uji aliopikiwa na mwanamke Mkatoliki aliyekuwa na masizi ya sabuni hadi kwenye viwiko. Alimwonyesha Veneranda mahali maji yanaposimama uani, na mahali pasipofaa kuwekwa jiko. Alimgombeza Dismasi kwa kukausha viatu barazani. Wageni walipogonga ni yeye aliyeitika, kwa mazoea, kutoka popote alipo, kwa sauti iliyofika njiani, na wageni wenyewe walikuwa wake. Veneranda alimwacha. Wiki zilipozidi, mtu mmoja sokoni alimuuliza yule bibi ataondoka lini, na Veneranda alimjibu vibaya hata akashangaa mwenyewe. Mtu huyo aliondoka bila kununua sabuni. Swali hilo, ndani ya nyumba ile, halikutamkwa na yeyote, wala kwa utani.

Baada ya Idi habari zikaja kwamba treni inaanza. Bi Mwanakheri alikwenda mwenyewe stesheni kukata tiketi. Veneranda alibaki uani na dumu la mawese na moto uliokuwa unakwenda vizuri, moshi ukipanda na kugeukia ziwani. Alikuwa anakata sabuni iliyoganda kwa waya aliposikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Hakuinua kichwa. Alivuta waya hadi mwisho wa mche, akatenga vipande, akingoja Bi Mwanakheri aitike kama kawaida yake.

"Hodi hapa," sauti ikarudia, taratibu, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kusumbua.

Ndipo alipoitambua. Aliacha waya, akapita ukumbini akijifuta mikono kwenye kitenge. Bi Mwanakheri alikuwa nje ya kizingiti, viatu amevivua, tiketi mkononi. Mlango ulikuwa wazi kabisa na yeye hajaupita. Alikuwa anasubiri mwenye nyumba amkaribishe.

Veneranda alitaka kumwambia aache mchezo, aingie kwake. Akamtazama usoni na kuona kwamba si mchezo.

"Karibu," alisema. Haikutosha, akasema tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Karibu ndani, bibi."

Bi Mwanakheri akaingia.